Talaka Iliyotundikwa Barazani

Simu ililia tukiwa jikoni kwangu Tibirinzi, Chake Chake, mimi nimeshika mwiko, mama mdogo Mize amekalia mbuzi anakuna nazi. Alikuwa Yussuf, mtoto wa Faki, anapiga kutoka Kiuyu: baba yake kafariki alfajiri, watamzika baada ya sala ya adhuhuri. Nikamwambia mama mdogo, kisha nikamtazama, nangoja alie. Hakulia. Alikuna ile nazi mpaka ikaanza kutoka weusi wa kifuu, akaiweka chini, akajifuta mikono kwa upindo wa kanga. "Nani atamwosha?" akauliza. Nikamjibu wanawe wapo, alhamdulillahi. "Basi nipatie buibui langu." Nilitaka kumkataza, wallahi nilitaka. Miguu yake inavimba, njia ni ndefu, na zaidi ya hayo anakwenda kama nani? Si mjane, eda hana. Faki aliacha kuwa mume wake tangu mimi msichana, na kwa sheria hata uso wa maiti yule hana haki ya kufunuliwa. Nikamwambia, "Mama mdogo, watu watasemaje?" Akanigeukia. "Watu! Watu walishasema, Riziki. Mie na weye tulikuwapo."

Nilikodi gari ya jirani, tukatoka. Nami nilipokuwa naitazama mikono ya mama mdogo imelala mapajani, nilikuwa nimesharudi kwenye ule mwaka niliokaa naye Kiuyu. Nilifikaje huko si habari ya leo. Nilikuwa nimemaliza skuli, nangoja niambiwe maisha yangu yataelekea wapi, nikapelekwa kwa mama mdogo nimsaidie kazi ya mwani. Watu hupenda kusema Pemba yote ilikuwa ya moto mwaka ule kwa sababu ya siasa. Kweli, ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Lakini wanaosimulia ni wanaume, nao husimulia mikutano na bendera. Mimi nitasimulia ukuta, kwa sababu mimi nililala nyuma ya ukuta.

Chumba changu kilikuwa cha mbele, na ukuta wake mmoja ndio waliokuwa wakiegemea wanaume waliokaa barazani kwa Faki. Juu palikuwa na tundu la kupitisha hewa, na kwa tundu lile nilizijua sauti zote, nikajua nani anakohoa na nani anasifu kahawa asiyoilipia. Ile ilikuwa baraza ya mtaa. Baada ya sala ya alasiri wanaume walijaa pale mpaka magharibi, na sisi wanawake tukiwa na shida ya kutoka tulitumia mlango wa uani, tukazunguka nyuma ya migomba. Hakuna aliyetukataza mlango wa mbele. Ni kwamba mwanamke mwenye haya hapiti mbele ya baraza ya wanaume, basi, na kila mtu alilijua hilo kama anavyojua mkono wa kulia.

Sasa huyo Faki. Nataka niseme mapema, Faki alikuwa mtu mwema. Msije mkamchukia kabla ya wakati. Akirudi pwani na pweza alimchagulia mama mdogo mikia laini. Machungwa alimmenyea mwenyewe, ganda moja refu lisilokatika, akacheka kama mtoto likifika chini. Na mama mdogo alipoumia mgongo kwa kuinamia mwani, Faki ndiye aliyemtekea maji kisimani. Ila alikwenda alfajiri, giza bado, watu hawajatoka. Ndoo zikishajaa alizifunika, akaziweka uani, na mchana mtu akimwuliza nani kateka maji yote haya, anaguna tu. Mwanamume kumtekea mkewe maji! Angeonekana, baraza nzima ingemcheka wiki. Nilikuwa nikiona raha sana kuijua siri ile. Sikujua kwamba ndiyo itakayotuumiza.

Alikuwa na ila moja: mdomo mwepesi mbele ya watu. Kumpiga mkewe, hata siku moja. Kumtukana, hata. Lakini alishampa talaka mbili. Ya kwanza ilitoka siku mchuzi ulipomwagika mbele ya wageni, mgeni mmoja akafanya mzaha, Faki akaona kashushwa. Ya pili mama mdogo alichelewa kurudi harusini na watu wakamwuliza Faki, mkeo yuko wapi, naye hakujua. Mara zote mbili kabla ya isha alikuwa keshalia, keshamrejea, keshaapa. Mama mdogo alinieleza haya tukiwa kwenye maji ya magoti, tunafunga mwani kwenye kamba. "Imebaki moja," akasema, "njiti ya mwisho kibiritini." Nikamwuliza, ikitoka je? Akanitazama kana kwamba nimeuliza moto unaunguza. "Ya tatu hairejewi. Mpaka niolewe na mwingine na huyo naye aniache. Ikitoka ndo kwaheri." Akaivuta kamba, akakaza fundo.

Nyumba ya pili, ukivuka njia, alikaa Bi Raya na binti yake Salma. Bi Raya ndiye aliyekuwa somo wa mtaa. Msichana akivunja ungo alipelekwa kwake, na yeye ndiye aliyemfundisha usafi, na namna ya kukaa, na namna ya kuwa mke. Mama mdogo alipita mikononi mwake, wake za wale wanaume wote wa barazani walipita mikononi mwake, na hata mimi, niliyeletwa nimeshakuwa mkubwa, alinikalisha mkekani akanisaili kama anamsaili mtoto. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, na neno lake kubwa lilikuwa haya, yaani staha. "Haya ni yako," aliniambia, "unaivaa mwenyewe. Aibu wanakuvisha watu. Usizichanganye." Nilikuwa nataka kutoka nikacheze, nikaitikia naam, naam. Miaka yote hii naendelea kulitafuna neno lile.

Salma alikuwa mwalimu wa skuli, mjane, hana makuu. Mwaka ule akajiunga na chama cha upande wa pili. Hilo peke yake lisingeua mtu. Kaka yake Bakari alikuwa chama kilekile kwa miaka, tena waziwazi, na barazani walibishana naye, wakamtania, wakamwita msaliti, kisha wakampitishia kahawa. Lakini Salma alipanda jukwaani. Alishika maikrofoni uwanjani, akaomba kura, na watu wakampigia makofi. Nilikuwapo. Alikuwa kavaa buibui na mtandio, uso tu na vitanga vya mikono ndivyo vilivyokuwa nje. Jioni yake nikasikia ukutani: "Katuvua nguo yule mwanamke." Na mwingine: "Wanaume wa Kiuyu tumebaki uchi!" Nikamwendea mama mdogo jikoni nikamwuliza, mbona aliyekuwa jukwaani kajifunika na waliokaa barazani ndio walio uchi? Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga, halafu akasita ghafla akaniambia, "Nyamaza. Hayo usiyaseme nje."

Wakaisusia ile nyumba. Mpemba akisusa anasusa kweli. Dukani Salma aliambiwa sukari hakuna na gunia liko wazi mbele yake. Salamu yake haikuitikiwa. Watoto waliondoshwa kwenye darasa lake. Bakari, msinicheke, Bakari aliendelea kunywa kahawa barazani. Na wakati nakumbuka mambo haya ndipo hasira hunipanda upya, kwa sababu nimekaa na wasomi mjini hapa nikawasikia wakisema aibu ni kitu cha wanawake, wanawake ndio wenye kuona aibu. Uongo mtupu. Aibu niliyoisikia mimi kwa tundu la ukuta ilikuwa ya wanaume, wameijaza mpaka inafurika, ila hawakutaka kuibeba wenyewe. Walitubebesha sisi. Chama kikishindwa, fedheha. Mke akionekana mahali, fedheha. Mwanamume anabadili chama wanamwita mjinga. Mwanamke akibadili chama, ukoo mzima umeumbuka. Siasa yao ilikaa miguuni mwetu, tunakokanyaga na tusikokanyaga.

Basi Bi Raya akaanza kuumwa. Wanawake hawakuweza kumsusa somo yao. Mchana walipita mbali, lakini magharibi, wanaume wakiwa msikitini, utaona kibakuli cha uji chini ya kanga kinavuka njia. Mama mdogo alimpelekea mchuzi wa chukuchuku, ule mwepesi usio na nazi, samaki kachambuliwa miba yote. Ikajulikana. Na alasiri moja mimi na mama mdogo tupo chumbani kwangu tunakunja nguo, tukamsikia Kombo. Huyu Kombo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, mtu wa kupiga paja lake kila akisema. "Sisi tunasusa mchana," akasema, "na wake zetu wanatupakazia uji magharibi. Chama gani hiki? Wenzetu wakijua, tuweke wapi nyuso zetu? Mimi langu nalisema hapa hapa. Mke wangu akikanyaga nyumba ile, talaka yake moja hiyo." Akapiga paja.

Mtu asiyetoka kwetu huenda asielewe uzito wa lile neno. Talaka ya kutundika haimwangukii mwanamke siku inaposemwa. Inaning'inia juu ya kichwa chake, na siku atakapofanya alichokatazwa, inaanguka yenyewe, hata mume awe kalala, hata awe kajuta. Baada ya Kombo akasema wa pili, na wa tatu, kama wanaume wanaochangia harusi, kila mmoja hataki kuonekana mchache kuliko mwenzake. Mama mdogo alikuwa kashika shati la Faki. Nikaona vidole vyake vimesimama. Ikafika zamu ya Faki, naye akajaribu mzaha. "Yakhe, mie mke wangu hata sokoni simtumi, nimtundikie nini?" Wakacheka kidogo. Kombo hakucheka. "Au kwako inaamrisha kanga?" Nilijua Faki anafanyaje pale, ni kama namwona: anasugua goti. Mama mdogo alitikisa kichwa kuuambia ukuta, hapana, hapana, Faki. Nikamsikia akisafisha koo. "Na wangu," akasema, "na wangu vilevile. Akikanyaga pale, talaka yake." Wanaume wakasema naam, naam, na kahawa ikapita.

Mama mdogo alilimaliza kulikunja lile shati. Alilikunja vizuri, kola juu, mikono ndani, akaliweka juu ya mengine. Usiku, wakati wa chakula, Faki hakumega hata tonge. Alikaa mkekani anautazama muhogo. "Mize," akasema, "weye si unajua mie." Mama mdogo akajibu, "Nakujua. Ndo mana nilikuwa natikisa kichwa." Kesho yake Faki akamwendea Maalim Hamad, imamu wetu, akamwuliza kama neno lile linaweza kuondoshwa. Maalim alikuwa mzee wa maneno machache. Alimwambia, "Ulimi hauna mfupa, Faki, lakini umevunja ndoa nyingi. Ulichotundika hukitungui. Muombe Mungu asikanyage." Faki alirudi akatuambia neno kwa neno, macho chini, kisha akatoka akenda kukaa pale pale barazani, maana asingekwenda wangeuliza kwa nini.

Siku zikapita, na kila asubuhi ya siku zile tulitega masikio upande wa pili wa njia. Bi Raya akikohoa, tunashukuru. Nilimwona mama mdogo akisimama uani na ungo wa mchele mkononi, hapepeti, anasikiliza. Uji ukakoma kuvuka, maana sasa kila mke alikuwa na lake kichwani. Ni mimi peke yangu niliyekwenda. Sikuwa na mume, nani angenitundikia nini?

Alifariki wakati wa bamvua, maji yametoka mbali, na sisi wanawake wote tumo shambani kwa mwani, tumeinama. Tulimwona Salma anatokea ufukweni peke yake, bila viatu. Alisimama pale mchanga unapokutana na matope, akaita, "Somo yenu kafa!" Upepo ulimpokonya sauti, akaita tena. "Bi Raya kafa! Nataka wa kunioshea mama yangu!" Hakuna aliyeinua kichwa. Nasema kweli, niliwatazama mmoja mmoja, wote macho kwenye kamba, mikono inafunga mwani ambao ulishafungwa. Salma alisubiri. Kisha akageuka akaondoka. Mama mdogo akaniambia bila kuinuka, "Weye huna mume. Mfuate."

Nilimkuta chumbani na maiti. Kaka yake Bakari alishachimba ufuo, ule mfereji wa kupokea maji ya josho, na kitanda cha kamba kimewekwa juu yake, kisha akenda makaburini na wenziwe wachache wa chama chake kuchimba kaburi. Ndoo za maji zimepangwa. Bi Raya amefungwa taya kwa kitambaa cheupe, yu mkubwa vilevile kama alivyokuwa hai. "Wako wapi?" Salma akaniuliza. "Wanakuja," nikamdanganya. Akanitazama kwa huruma, mimi ndiye niliyehurumiwa. "Riziki, mtu mmoja hageuzi maiti. Wawili pia hawatoshi kwa mama huyu. Wamenisusa mimi, sawa, mimi nilipanda jukwaani. Yeye kawakosea nini? Aliwafundisha wote haya, na haya yao imewashinda kuvuka njia." Hakuwa analia. Alikuwa kashika wayo wa mama yake, anaupapasa kwa kidole gumba. Adhuhuri ilikuwa inakaribia na maiti hangojwi. Nikakimbia nyumbani; msiba ulishawakusanya wanaume barazani kabla ya wakati wao.

Faki alishafika jikoni kabla yangu. Mama mdogo amesharudi kutoka pwani na wenziwe, ametia udhu, maji yanamtiririka usoni, na kikapuni ametia majani ya mkunazi na karafuu maiti. Faki alikuwa amepiga magoti. Sijapata kumwona mwanamume wa Kiuyu kapiga magoti mbele ya mtu. "Usende, Mize. Ukienda ndo basi, hapana tena. Ntakula na nani? Ntalala na nani?" Mama mdogo akajifuta uso. "Faki, Bi Raya alinishika mkono nikiwa mtoto mwenye hofu. Mie nisimshike leo?" "Wapo wengine!" "Wengine na wao wametundikiwa, na kila mmoja anangoja mwenzake." Akaikunja kanga yake kiunoni. "Sikia. Najua ulilolisema halirudi. Sikuombi ulirudishe. Toka uende hapo barazani, useme mbele yao, mimi Faki nimekosea, mke wangu anakwenda kwa ruhusa yangu. Talaka itaanguka, na ianguke. Lakini ntaondoka kwako nikiwa mke wa mtu." Faki akainuka. Alikwenda mpaka mlango wa mbele, akatoka. Sisi tulisimama tunasikiliza. Tukamsikia akijikohoza. Kisha tukamsikia akisema, "Kahawa imebaki?" na vikombe vikagongana, anakaa.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Mama mdogo hakuutazama. Alipita ukumbini, akafungua mlango wa mbele, akatoka na kikapu chake kati yao, mimi nyuma yake. "Assalaam alaykum," akasema. Salamu ni wajibu kuitikiwa, na hakuna aliyeitikia. Faki alikuwa anakitazama kikombe. Kombo ndiye aliyesema: "Bi Mize, unajua unakokwenda?" Mama mdogo akasimama, akamgeukia uso kwa uso. "Najua, Bwana Kombo. Nakwenda kwa somo yangu. Mwosha huoshwa. Na weye utaoshwa." Akashuka. Njia ile si pana, ng'ombe wawili hawapishani, lakini mimi mpaka leo nikiota naiona haishi. Kwenye kizingiti cha Bi Raya alisimama kidogo. Nilifikiri atageuka. Alikuwa anavua viatu. Akakanyaga.

Nyuma yetu nikasikia komeo. Mke wa kwanza kutoka alikuwa mke wa Kombo, mwanamke mdogo mkimya ambaye sikuwahi kumsikia sauti, naye akatokea mlango wa mbele, kabeba ndoo. Kisha mlango mwingine, na mwingine. Walipita mbele ya waume zao, wengine wanasoma uradi kwa sauti ya chini, mmoja anacheka kwa woga, na kila aliyekanyaga kizingiti kile aliachika. Wanaume walikaa wakitazama wake zao wakiwatoka mmoja mmoja kwa maneno ya vinywa vyao wenyewe. Ndani tulijifunga, tukamgeuza Bi Raya kwa mikono mingi, maji yakapita. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuae mwosha, kwa hiyo nilichokiona pale nitakufa nacho. Nasema tu kwamba mama mdogo alimwosha vidole kimoja kimoja, na Salma hapo ndipo alipolia.

Mchana ule Kiuyu ilikuwa na kichekesho chake, nami nilicheka, nisiseme uongo. Mtoto anakuja mlangoni: "Mama, baba anauliza chakula kiko wapi." Na mama anajibu toka ndani, "Mwambie mie simjui." Wanaume walikuja mazikoni, wakasimama nyuma, wakabeba jeneza la nyumba waliyoisusia. Baada ya magharibi kila mmoja alipenya uani kwake kupitia mlango wa wanawake, akanong'ona nimekurejea, na ugali ukasongwa. Kombo alikuwa wa mwanzo. Wote walirejewa.

Isipokuwa mmoja. Nilimsaidia mama mdogo kufunga nguo kwenye shuka. Faki alisimama mlangoni, analia kwa kwikwi, na mama mdogo akamwambia pweza yumo chunguni, ale asije akaharibika. Baadaye watu wakaja na hila zao: aolewe na mtu siku mbili tatu, aachwe, arudi. "Aka!" akawajibu. "Mie si ng'ombe wa kupelekwa kwa dume." Alihamia Chake Chake, na mimi nikamfuata. Faki alimletea pweza kwa gari za watu, miaka na miaka. Alileta machungwa, alileta salamu. Alioa, akapata watoto, akafiwa na mke. Lile neno aliloombwa hakulileta. Mama mdogo alipokea pweza, akampika, akasema, "Mikia laini. Bado anajua kuchagua."

Tulifika Kiuyu maiti ameshaoshwa. Wanaume wamejaa barazani, ile ile, imepakwa rangi. Sisi tuliingia kwa uani, na wanawake walipomwona mama mdogo wakasogea, wakamwachia nafasi katika chumba kilichokuwa changu. Tundu la hewa liko pale pale. Alikaa chini yake, mgongo ukutani. Jeneza likatolewa mbele, zikasikika sauti za kunyamazishana, kisha Yussuf akaanza kusema yale yanayosemwa, mwenye kumdai marehemu ajitokeze, mwenye kukosewa asamehe. Halafu akapaza sauti. "Marehemu kaniachia wasia mmoja, na kanishika mkono mpaka nikaapa. Kasema niseme hapa barazani, mbele ya watu, kwa maneno haya: mimi Faki siku ile nilikosea. Mke wangu Mize alikuwa anakwenda kwa ruhusa yangu." Ndani wanawake wote walimtazama mama mdogo.

Yeye alikuwa anaitazama mikono yake. "Mtu huyu!" akasema taratibu. "Maji kanitekea gizani asionekane. Na hili nalo kangoja afe, asionekane." Akatikisa kichwa, kama alivyoutikisia ukuta ule ule siku ile. "Mwambieni Yussuf radhi nilishampa, zamani. Amchukue baba yake." Wakalibeba jeneza, tukasikia shahada ikianza na nyayo zikienda. Ndipo mama mdogo Mize akalia. Alilia kwa sauti, kinywa wazi, mtandio umemwanguka mabegani. Mwanamke mmoja kijana akamshika goti, akamwambia, "Bi Mize, nyamaza, wanaume bado wako hapo nje, wanasikia."

"Wasikie," akasema.